Gari la Ufagio: Pini ya Nne

Tulimwacha mkandaji, wasomaji wangu, pini mdomoni, na mlango unagongwa.

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au ambaye kwao walilifungia sabuni kabla hajalisoma, nitamkumbusha kwa kifupi. Leo hatuna nafasi ya kupoteza.

Kila asubuhi ya mbio za baiskeli, Taa hukaa ukingoni mwa kitanda cha hoteli, jezi ameshaivaa, akampa mdogo wake mgongo. Mdogo wake huyo wa kike ndiye mkandaji wa timu. Huchukua namba ya karatasi na pini nne. Ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kulia. Ya nne, chini kushoto, ndiyo ya kufungia kazi. Akishaibana humpiga kaka yake viganja viwili mgongoni na kumwambia, "Haya, nenda." Bila viganja hivyo Taa hainuki. Watu wa baiskeli wana mambo yao, na hili lilikuwa lao wawili.

Asubuhi hiyo pini tatu zilikuwa zimeshaingia. Ya nne alikuwa ameibana kwa midomo, ananyoosha kona ya karatasi kwa kidole gumba, ndipo mlango ulipogongwa.

Taa akauliza ni nani.  Mlango ukasukumwa taratibu, na pale kizingitini akasimama baba yao.

Naam. Mzee Fika mwenyewe, kofia mkononi, amevaa kizibao cha waandaaji wa mbio kilichompwaya mabegani.

Jina hilo la Fika hakupewa na wazazi wake. Alipewa na barabara. Enzi zake waendesha baiskeli walijitengenezea wenyewe kila kilichoharibika, mpira wa akiba umezungushwa begani na kukatiza kifuani, na aliyepokea msaada hata wa spana alifutwa. Mzee Fika hakuwahi kushinda mbio hata moja. Lakini kila alizoanza, alizimaliza. Mwaka mmoja gurudumu la mbele lilivunjika mlimani. Akabeba baiskeli begani, akashuka nayo kwa miguu mpaka mjini, akakuta watazamaji wameshakwenda kulala na utepe umeshakunjwa. Akamwamsha mtunza saa, akamsimamia mpaka akaandikwa. Picha ya siku hiyo imetundikwa sebuleni kwake, juu ya meza ya kulia, na watoto wake wawili wamekula chini ya picha hiyo maisha yao yote.

Alipozeeka waandaaji wakampa kazi ya kuendesha gari la ufagio.

Hilo ni gari linalokuja nyuma kabisa ya mbio, ufagio mrefu umefungwa wima ubavuni ili watu walijue kwa mbali. Kazi yake ni kuzoa walioshindwa. Dereva wake haruhusiwi kumsemesha mwendeshaji, wala kumpa maji, wala kumpigia honi, mpaka mwendeshaji mwenyewe aweke mguu chini. Akiuweka, dereva hushuka. Mwendeshaji hugeuka na kumpa mgongo. Dereva humvua namba, humfungulia mlango, na mambo yameisha.

Sasa sikilizeni kilichowatenganisha baba na mwana. Mwaka jana, kwenye mlima huu huu, mvua inanyesha, Taa aliweka mguu chini. Dereva alikuwa baba yake. Mzee Fika alimtazama kupitia kioo, waipa zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi. Kisha akaingiza gia, akampita pembeni, akaenda zake. Hakushuka. Hakufungua mlango. Taa alibaki kwenye mvua ameshika baiskeli yake mpaka gari la timu lilipomkumbuka.

Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwa baba yake. Alimwambia mdogo wake jambo moja tu, na hakulirudia: siku atakayofika mji wa mwisho kwa baiskeli yake, ndani ya muda, siku hiyo atakwenda kwa Baba, atavuta kiti, atakaa mezani chini ya ile picha. Kabla ya hapo, hapana.

Kwa hiyo mnaelewa. Leo ni siku ya mwisho ya mbio, mji wa mwisho uko ng'ambo ya mlima, na aliyesimama mlangoni ni yeye.

Mzee Fika alitazama miguu ya mwanawe. Akatazama namba. Midomo yake ikafunguka, ikajifunga.

"Dereva wa ufagio wa mwaka huu anaumwa," akasema. "Wameniita mimi."

"Sawa," Taa akajibu, uso ukutani. Hakugeuka.

"Nilikuwa napita tu."

Chumba chao kilikuwa cha mwisho kabisa, ghorofa ya juu, penye ngazi zinazochosha hata vijana. Hapapitwi mahali pale. Mkandaji alilijua hilo, na alimwona baba yake akiizungusha kofia mkononi, mara kwa upande huu, mara kwa upande ule, kama mtu anayetafuta mahali pa kuishikia.  

"Haya," Mzee Fika akasema mwishowe, akaondoka.

Hatua zake hazijaisha koridoni sauti ya meneja wa timu ikapanda kutoka chini, ikiuliza kama kuna watu wanasubiri kubebwa mgongoni. Taa akainuka, akachukua kofia yake ngumu, akatoka. Hakupigwa viganja. Hakuambiwa nenda.

Mkandaji akajikuta amebaki peke yake na pini mdomoni. Akaichomeka kwenye kola ya fulana yake ili isipotee, akakimbilia mifuko ya chakula.

Ndivyo yanavyoanza mambo makubwa.

Mkandaji alikuwa na neno lake pia ambalo hakulisema. Usiku uliotangulia, alipokuwa akimkanda kaka yake, mikono yake ilikuta msuli wa nyuma wa mguu wa kushoto umekaza, haukubali kulegea hata kwa mafuta ya moto. Mkandaji yeyote angejua. Miguu ile ilikuwa imekwisha. Kaka yake alipomuuliza inaonekanaje, alimjibu, "Iko vizuri." Akamfunika blanketi.

Miguu hiyo haikuisha kwa uvivu. Taa alikuwa wa mwisho katika mbio zote, na ndiyo sababu kundi zima lilimwita Taa, yaani taa ya nyuma ya gari. Lakini kazi yake ilikuwa ni kubeba maji. Nahodha wa timu kila alipotaka kunywa, Taa alijirudisha nyuma mpaka kwenye gari, akajaza chupa ndani ya jezi mpaka akawa na nundu mbele na nyuma, akapanda tena kulipita kundi zima kwenda kumfikishia. Nahodha akinywa, akishinda, akipigwa picha. Taa akirudi kufuata nyingine. Wenzake walimtania kwamba siku akiacha baiskeli atapata kazi kwa kina ngamia.

Mchana ukawakuta kwenye kituo cha mifuko, chini kidogo ya mlima. Hapo wakandaji husimama pembeni mwa barabara wamenyoosha mikono, kila mmoja na mfuko wa chakula wa kitambaa, na waendeshaji huudaka wakiwa kwenye mwendo. Kundi likaja kwa kishindo. Nahodha akadaka wake bila hata kutazama. Kundi likaisha, vumbi likatua, na mkononi mwa mkandaji ukabaki mfuko mmoja.

Meneja akamwita kutoka kwenye kombi. Alimwambia apande, Nahodha atahitaji kukandwa mara tu akifika. Mkandaji akasema kaka yake bado.

"Taa si mtu wa kusubiriwa," meneja akasema, na wala hakuwa amekasirika, alisema kama anayeeleza hali ya hewa. "Taa ni mtu wa kufagiwa. Panda."

Mkandaji ni mpole. Mnamfahamu, katika sura zote hizi hajawahi kumjibu mtu. Hata leo hakujibu. Alibaki tu pale pale alipokuwa, mkono umenyooka, mfuko unaning'inia. Kombi ikaunguruma, ikamngoja kidogo, ikaondoka.

Watazamaji wakaanza kukunja viti vyao. Mzee mmoja akamwambia wamekwisha, binti, hakuna tena. Ndipo kwenye kona ya chini ikatokea jezi moja, inayumba, peke yake.

Taa akaudaka mfuko. Alikuwa na chumvi ya jasho kavu mashavuni, mistari miwili mieupe. "Mbona umebaki?" akamuuliza, na kabla ya kujibiwa alishapita.

Nyuma yake likaja gari la ufagio. Likasimama. Mlango wa abiria ukafunguliwa kwa ndani.

"Panda, mama," baba yake akasema.

Ufagio huzoa kila kilichobaki njiani, hata wakandaji. Lakini lilimuuma neno lile. Lilivyomtoka mzee kwa wepesi. Lilivyofunguka kwa wepesi lile komeo la mlango, ambalo mwaka jana halikumfungukia kaka yake.

Ndani mlikuwa na viti vitupu na mablanketi yaliyokunjwa. Mbele, karibu na gia, palikuwa na kopo la biskuti ambalo madereva huwekea namba walizovua. Siku hiyo lilikuwa tupu. Kila aliyekuwa na nia ya kushindwa alikuwa ameshashindwa siku za nyuma. Aliyebaki ni mmoja, na alikuwa mbele ya kioo chao, anapanda.

Mkandaji akamtazama mgongoni. Ndipo akaiona.

Kona ya chini, kushoto. Ilikuwa inapepea.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kola, ukaikuta pini. 

"Baba," akasema, "sikumfunga pini ya nne. Mpite kidogo. Nishuke nimfunge, hata hatasimama."

"Haguswi."

"Ni pini tu, Baba."

"Kama ningemgusa mwingine, ningemgusa na yeye," Mzee Fika akasema. "Haguswi."

Hapa ni lazima niwaeleze, maana nje ya mbio hizi mtu atauliza karatasi ni nini. Katika mbio hizi namba ndiyo mtu. Zamani sana walikuwepo ndugu wawili mapacha waliokuwa wakipokezana kichakani: mmoja anaendesha asubuhi, mwingine mchana, na jioni ndugu yule aliyelala anapanda jukwaani kupokea maua. Walikuja kugundulika kwa sababu mmoja alikuwa na pengo na alishindwa kujizuia kucheka mbele ya mpiga picha. Tangu hapo ikaandikwa kwamba namba hufungwa asubuhi na haiondoki mgongoni mpaka mwisho. Ikiondoka, kwa mkono au kwa upepo, mtu huyo hayumo. Dereva wa ufagio akiliona hilo hana la kufikiri. Hapo tu ndipo anaruhusiwa honi: hupiga, humsimamisha, humpakia.

Barabara ikaanza kusimama wima. Mlima ule hauna huruma, unapanda kwa kona, na kila kona ukidhani ndiyo ya mwisho inakuonyesha nyingine. Watu waliobaki pembeni walikuwa wachache na wenye mapenzi. Walimpenda Taa kwa sababu alikuwa wa mwisho. Walimwita kwa jina. Walimmwagia maji.

Maji hayo, wasomaji wangu. Mama mmoja mnene aliyebeba ndoo alikimbia naye hatua kadhaa na kummwagia yote mgongoni, akarudi akicheka kwa furaha ya kusaidia. Karatasi ikalowa. Mkandaji akaiona ikibadilika rangi. Kona ya pili, ile ya chini kulia, ikanyofoka kwenye pini yake. Sasa namba nzima ilikuwa ikiinuka na kushuka na upepo. Mkandaji aliishika pini yake kwa nguvu mpaka ikamchoma.

Ikanyofoka ya tatu. Karatasi ikazunguka kwenye ncha moja, ikaning'inia kwa muda, kama inajiuliza.

Kisha ikaruka, ikaja moja kwa moja, ikajibandika kwenye kioo mbele ya uso wa Mzee Fika.

Gari likasimama.

Mzee alishuka, akaibandua kutoka chini ya waipa kwa uangalifu, maana ilikuwa imelowa. Aliishika kwa mikono miwili. Mbele yake mwanawe alikuwa anaendelea kupanda, hajui lolote. Mgongoni zilikuwa zimebaki pini tatu, kila moja na kipande kidogo cha karatasi, zinametameta kwenye jua.

Mkandaji alingoja honi. Alifumba macho kuingoja.

Mlango ukafungwa. Injini ikapanda sauti. Alipofumbua macho aliona kopo la biskuti bado ni tupu. Baba yake alikuwa ameikunja ile karatasi na kuitia ndani ya shati, upande wa kifua, na alikuwa anakanyaga mafuta.

"Baba?"

"Nyamaza, mama."

Gari likamkaribia Taa. Likazidi kumkaribia. Likaja mpaka pua yake ikawa karibu kuligusa gurudumu la nyuma. Mkandaji akashika dashibodi, akidhani mzee amechanganyikiwa. Ndipo alipoona kilichokuwa kinawangoja kwenye kona ya juu: pikipiki imeegeshwa, na kando yake mwamuzi, saa mkononi.

Akaelewa. Gari lilikuwa pazia.

Taa akampita mwamuzi. Mwamuzi akatazama saa, akainua kidole gumba: bado yumo ndani ya muda, kwa kubanwa, lakini yumo. Kisha akageuka kumtazama akienda, na badala ya mgongo wa mwendeshaji akakutana na bati la gari na ufagio.

"Mzee, mbona umemkalia shingoni?" akapaza sauti.

"Breki zimezeeka," Mzee Fika akamjibu dirishani. "Kama mimi." Akampungia mkono kama vile wamesalimiana.

Mtu aliyemwamsha mtunza saa usingizini ili mambo yaandikwe yalivyo, huyo ndiye aliyesema uongo huo. Mkandaji alimtazama, akaona jasho linamshuka nyuma ya sikio.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Lakini Taa alikuwa amesikia injini. Akainamisha kichwa, akachungulia nyuma chini ya kwapa. Aliona ufagio. Aliona kioo, na nyuma ya kioo uso wa baba yake, umekaza, unamjia. Mkandaji aliuona uso wa kaka yake kwa muda ule mfupi. Ulikuwa uso wa mtoto anayefukuzwa.

Taa akasimama juu ya pedali.

Akaanza kukimbia. Juu ya mlima ule, kwa miguu ile. Baiskeli ikawa inalala kulia, inalala kushoto. Na kila alipojitenga kidogo, gari likasogea tena, kwa sababu pembeni kulikuwa na watu, na watu wana macho na kamera.

"Anadhani unamfukuza," mkandaji akasema.

"Najua."

"Basi rudi nyuma, Baba. Unamuua."

"Nikirudi nyuma watamwona."

Hakukuwa na la tatu. Walibaki hivyo, yule akikimbia kuokoa alichokuwa ameshakipoteza, na huyu akimfukuza ili asijue. Mkandaji akahesabu kona zilizobaki kwa macho, akafika kileleni, akateremka kwa mawazo upande wa pili mpaka mjini, na huko akasimama. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Na kule mwisho je? Gari halivuki utepe."

 Mzee Fika aliijua barabara ile kila shimo na kila kokoto, lakini huko hakuwa amefika kwa mawazo. Mikono yake ikalegea kwenye usukani. Gari likabaki nyuma kidogo, lenyewe.

Na mbele, Taa akakatika.

Haikuwa ajali. Ni miguu tu iliyokataa. Mwendo ukapungua, baiskeli ikaanza kuandika barabara nzima kutoka ukingo mpaka ukingo. Kilele kilikuwa kinaonekana. Bango la juu lilikuwa linaonekana, na bendera. Akapiga pedali moja. Akapiga nyingine. Akasimama kabisa kwa kitambo, amejishikilia hewani kwa ukaidi.

Kisha mguu wa kushoto ukashuka, ukagusa lami.

Mzee Fika akazima gari. Palikuwa kimya, watazamaji wote wako juu kileleni. Ulisikika upepo tu, na cheni ya baiskeli ikilia kidogo inapopoa.

Mkandaji alidhani baba yake hatashuka. Aliutazama mkono wake ulivyobaki kwenye komeo, na akakumbuka mvua, na waipa. Komeo likabonyea. Mzee akashuka.

Taa hakumtazama. Alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza nyongani, akageuka, akampa baba yake mgongo, kama kanuni inavyotaka.

"Vua," akasema.

Mzee Fika akainua mikono. Mbele yake palikuwa na jezi iliyolowa na pini tatu.

Aliifungua ya kwanza. Ikamchoma kidole, damu kidogo ikabaki kwenye jezi. Akafungua ya pili.

"Mbona unachelewa?" Taa akauliza. "Mwaka jana ulikuwa na haraka."

Mkandaji alikuwa ameshashuka. Alisimama kando ya mlango, kola yake mkononi, na hakumwambia kaka yake hata moja kati ya yale aliyotaka kumwambia: kwamba ile "Iko vizuri" ya jana usiku haikuwa kweli, kwamba pini alikuwa nayo yeye, kwamba kila kona aliyopanda tangu yule mama mwenye ndoo aliipanda bure. 

Toka chini ikasikika pikipiki. Ikaja, ikakata kona, ikasimama kando yao. Mwamuzi akatazama baiskeli, akatazama mguu, akatazama pini moja iliyobaki.

"Namba yake iko wapi, mzee?"

Mgongo wa Taa ukashtuka. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akakuta kitambaa kitupu.

"Imedondokea wapi?" mwamuzi akauliza tena, polepole zaidi, na macho yake yakaenda kwenye gari, jinsi lilivyokaa, na kurudi kwa dereva. "Ulijua?"

Mzee Fika akatia mkono ndani ya shati. Akaitoa ile karatasi, imekunjwa, imelowa, ina joto la kifua chake, akamnyooshea mwamuzi bila kumtazama. Kisha akavifungua vifungo vya kizibao cha waandaaji, kimoja kimoja, mpaka kikawa wazi, akakivua, akakitundika kwenye siti ya pikipiki.

"Tangu wapi, Baba?" Taa akauliza. Sauti ilikuwa imemkauka. "Tangu wapi sina namba?"

"Tangu kwa yule mama mwenye ndoo."

"Na ukaniacha nipande."

"Nilikuacha upande."

Taa akacheka, kicheko kifupi kisicho na kitu ndani. Bado alikuwa amempa mgongo. Mabega yalianza kutikisika, na mkandaji hakujua kama ni baridi ya kileleni au ni kile kingine. Mwamuzi alikuwa anaongea kwenye redio yake, anamtaja dereva wa ufagio.

Mzee Fika akaweka kiganja chake mgongoni mwa mwanawe, pale ambapo namba ingekuwa. Hakukiondoa.

"Leo asubuhi sikuwa napita," akasema. "Nilipanda zile ngazi nikiwa na neno moja, nikashuka nalo. Mwaka jana pia nilikuwa nalo, ndani ya gari, nikaogopa kulisema nikaingiza gia. Nilitaka kukwambia usipofika, mwanangu, njoo nyumbani hivyo hivyo."